Tumbo Joto: Shajara ya Mpiga Kodiani wa Tanga, Januari hadi Juni 2024

Jumapili, 7 Januari 2024. Ninapoanzia

Tarehe 30 Desemba tulikuwa na harusi Pangani. Wimbo wa tatu, bwana harusi keshaingia, akina mama wameshika noti wanakuja kutuza, mimi nikashindwa kuvuta kodiani. Mkono ulikuwa mzima. Tumbo lilijaa likawa gumu kama ngoma iliyowambwa juani, na kila nilipofunga mivukuto yake ya hewa ubao ulinikandamiza chini ya kitovu. Moyo ulikwenda mbio, jasho likanitoka la baridi, na nikawa na yakini kwamba naanguka mbele za watu. Nikamwashiria mpiga fidla aendelee, nikatoka. Nilikaa chooni dakika 25. Niliporudi walikuwa wanafunga na wimbo wa mwisho.

Kiswahili kina neno lake, tumbo joto. Tunamsemea nalo mtu anayesubiri matokeo ya mtihani au jina lake litajwe kwenye uteuzi. Mimi tumbo joto langu lina miaka mitatu: kiungulia usiku, gesi, choo leo kama mawe kesho maji matupu, na asubuhi nyingi naamka roho imezama bila sababu ya kuitaja. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwanza kwamba mambo haya mawili yanakuja pamoja. "Baba, ukiona hutaki kuongea, na tumbo lako limeharibika siku hiyo." Nilimbishia. Kisha nikakaa nikahesabu siku, nikaona ana haki.

Nina miaka 41, napiga kodiani kwenye kikundi kidogo cha taarabu hapa Ngamiani: udi, fidla mbili, besi, dumbaki, waimbaji watatu. Sisi ni wadogo mno mbele ya majina kama Black Star na Lucky Star yaliyoipa Tanga sifa zamani, ila kazi tunapata. Kodiani yangu ni ya besi 120, kilo 10 na ushei, inaning'inia mabegani saa nne hadi tano kwa usiku mmoja. Kwa hiyo bega la kushoto linauma, kwa hiyo nameza diklofenaki kabla ya kupanda jukwaani na nyingine nikishuka. Nakunywa kahawa chungu vikombe vitano au sita. Nakula pilau ya harusi saa nane usiku, nalala saa kumi.

Naandika shajara hii kwa sababu wapigaji wengi ninaowajua wana tumbo kama langu na wanalifanya siri. Mpango wangu: daftari la kurasa 96, kila jioni naandika nilichokula na saa, choo kilikuwaje kwa ile chati ya Bristol yenye aina 7 (ya 1 ni vigololi vikavu, ya 7 ni maji), tumbo limeniumiza kiasi gani kwa alama 0 hadi 10, na roho ilikuwaje kwa alama hizo hizo, ila kwa roho 10 ndiyo njema. Nimejaza pia fomu ya maswali 9 inayotumika kupima sonona, ambayo kila swali lina alama 0 hadi 3 kwa hali ya wiki mbili zilizopita. Nimepata 14 kati ya 27, na alama zikipanda ndivyo hali inavyokuwa mbaya.

Neno kwa atakayeiga: ukiona choo cheusi kama lami, damu, kutapika mara kwa mara, chakula kukwama kooni au unakonda bila kujua kwa nini, weka daftari chini uende hospitali siku hiyo hiyo. Hali kadhalika ukifikia kuwaza kujidhuru. Mambo hayo hayangoji majaribio ya nyumbani.

Jumatatu, 15 Januari. Wiki ya kwanza imeharibika, na kosa ni langu

Nilianza mambo yote kwa pamoja. Siku moja niliacha kahawa, chapati, maziwa, pilipili na sukari. Siku hiyo hiyo nikaanza vidonge vya bakteria wazuri vya shilingi 85,000 kwa chupa, na kila asubuhi kijiko cha asali iliyolowekwa vitunguu saumu na tangawizi, vitu vya shilingi 14,000.

Siku ya pili kichwa kiliuma hadi machozi. Hiyo ni kahawa, mwili unaizoea na ukiikatiza ghafla unalipa. Siku ya nne nikafunga choo. Siku ya sita gesi ikawa mbaya kuliko Pangani. Sasa niseme ni nini kilichosababisha? Vidonge? Vitunguu saumu? Kukosa nafaka niliyoizoea? Daftari limejaa alama na halinijibu kitu, kwa sababu nilihamisha nyumba nzima kwa siku moja na sasa sijui chungu kiko wapi.

Baadaye nilisoma kwamba vitunguu saumu na vitunguu maji vina aina ya wanga ambayo utumbo mwembamba wa binadamu haumeng'enyi. Inafika nzima kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachua, gesi inatoka. Kwa mtu mwenye utumbo mtulivu hilo halina neno, tena ni chakula kizuri cha hao bakteria. Kwa utumbo uliokwisha kuwa mwepesi kushtuka, kijiko kizima kila asubuhi tumbo likiwa tupu ni kuchokoza.

Kuhusu vidonge. Muuzaji aliniambia kwamba serotonini, kemikali inayohusika na furaha, inatengenezwa tumboni, kwa hiyo nikilisha tumbo furaha itapanda kichwani. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili inatengenezwa kwenye utumbo, lakini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo. Ubongo unatengeneza yake. Ya tumboni ina kazi zake, na kubwa ni kuendesha mwendo wa utumbo wenyewe. Mazungumzo kati ya tumbo na kichwa yapo kweli, ila yanapita njia nyingine: kwenye kinga ya mwili, kwenye homoni, na kwenye neva ya vagasi, ambayo karibu nyuzi 80 katika kila 100 zinapeleka habari juu, kutoka viungo vya ndani kwenda kwenye ubongo. Laiti ningelijua kabla ya kutoa 85,000.

Jumapili, 21 Januari. Sanamaki

Hili linaniuma kuliandika, lakini ndilo watu watakaloiga haraka.

Baada ya kufunga choo siku tano, mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Mwanangu, hilo tumbo lisafishwe kwanza." Sanamaki, shilingi 3,000, chemsha, kunywa usiku. Sanamaki ni dawa ya kweli, majani yake yana kitu kinachouamsha utumbo mpana ukaze na kusukuma, na hata hospitali wanatumia vidonge vyake. Kosa ni kipimo na siku. Nilichemsha konzi nzima, nikanywa vikombe viwili Ijumaa usiku, na Jumamosi tulikuwa na harusi Makorora.

Hadi adhuhuri nilikwenda chooni mara 11. Jukwaani vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinakakamaa juu ya vitufe vya besi, siwezi kuvikunja wala kuvikunjua, kwa sababu maji na chumvi za mwili zilikuwa zimetoka. Mpiga dumbaki ndiye aliyekimbia dukani kuniletea chumvi za kuongezea maji, shilingi 1,500. Nikanywa lita nzima nyuma ya spika. Nikapiga nusu ya usiku.

Na tumbo halikuwa "limesafika". Siku mbili baadaye gesi ilirudi vilevile. Utumbo unajisafisha wenyewe ukiwa na maji, nyuzinyuzi na mwendo. Sanamaki ina mahali pake, kwa kipimo, kwa siku chache, kwa ushauri wa mtaalamu.

Jumatano, 24 Januari. Kipimo cha kwanza, kimeniambia uongo

Nimekwenda kituo kimoja cha afya. Kumwona daktari 10,000, kipimo cha kinyesi cha kutafuta bakteria anayeitwa Helicobacter pylori 25,000. Majibu: hayupo. Nikaambiwa ni mawazo, nipunguze mawazo. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi, 8 Februari. Kipimo cha pili

Mke wangu hakukubali. Ana shangazi yake aliyeugua vidonda vya tumbo, akasema twende kwa daktari mwingine. Huyu wa pili alikuwa na swali moja ambalo wa kwanza hakuniuliza: "Unatumia dawa gani sasa hivi, hata za kununua mwenyewe?" Nikamtajia diklofenaki, na omeprazole ninayoinunua duka la dawa tangu Novemba kwa ajili ya kiungulia. Akaweka kalamu chini.

Omeprazole inapunguza asidi, na ikipungua asidi bakteria huyo anapungua na kujificha kiasi kwamba kipimo kinaweza kumkosa. Unatakiwa uiache wiki mbili kabla ya kupima, na kama umekunywa antibiotiki, wiki nne. Kipimo changu cha Januari kilikuwa kazi bure, nimetupa 35,000. Na kile kipimo cha damu ambacho maduka mengi wanakitoa haraka hakikuambii kama unaye leo au ulikuwa naye zamani, kwa sababu kinatafuta kinga za mwili, nazo hubaki.

Niliacha omeprazole tangu siku ile, tarehe 25 Januari. Usiku wa kwanza kiungulia kilikuwa kikali. Daktari akanipa dawa ya maji ya kutuliza asidi ya kutumia kwa muda, na akasema niinue kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15. Si mito. Mito inakukunja tumboni ikazidi kuminya. Matofali mawili chini ya miguu ya kitanda, shilingi 3,000, na hili ndilo jambo la kwanza katika mradi huu wote lililofanya kazi usiku ule ule.

Leo majibu: yupo.

Daktari, kwa kuona uso wangu umebadilika, akanihadithia habari za Barry Marshall wa Australia. Miaka ya 1980 waganga wengi waliamini vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na asidi tu, na bakteria hawezi kuishi kwenye asidi. Marshall na mwenzake Robin Warren walikuwa wamemwona bakteria huyo. Waliposhindwa kuaminiwa, mwaka 1984 Marshall akamnywa mwenyewe, akaugua tumbo, akathibitisha. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. "Kwa hiyo," akasema, "siwezi kukuambia ni mawazo tu kabla sijamtoa huyu. Tukishamtoa ndipo tutazungumza mawazo, maana nayo unayo."

Sentensi hiyo nimeiandika kwenye jalada la daftari. Wa kwanza alinifukuza na mawazo yangu. Huyu aliyakubali yote mawili, ugonjwa na mawazo, na akayapanga kwa zamu.

Dawa: antibiotiki mbili na omeprazole, siku 14, mara mbili kwa siku. 52,000. Diklofenaki marufuku. Dawa za jamii hiyo hupunguza kemikali ambazo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo, hivyo mimi nilikuwa nabomoa ukuta kwa mkono mmoja na kuupaka omeprazole kwa mkono wa pili.

Ijumaa, 23 Februari. Siku 14 zimekwisha

Sikuruka hata kidonge kimoja. Nataka niseme wazi zilikuwaje ili mtu asikatishe katikati: mdomo ulikuwa na ladha ya shaba tangu siku ya pili, chai ikawa kama nalamba msumari. Choo aina ya 6 kuanzia siku ya tano. Na roho ilishuka, alama 3, siku nyingine 2. Nilikuwa nimejiandaa kwa mdomo na kwa choo, kwa roho sikujiandaa. Antibiotiki haichagui, inapiga na bakteria wazuri wa utumboni. Siwezi kuthibitisha kwamba ndiyo iliyoshusha roho yangu, maana wiki hizo hizo nilikuwa napiga bila dawa ya maumivu na bega linaungua. Naandika nilichokiona.

Maziwa ya mgando nilikunywa kikombe kimoja mchana, mbali na saa za dawa. Kwenye siku ya tisa choo kilianza kushikana.

Bega limepata dawa yake kwa fundi viatu wa barabara ya 12. Mikanda ya kodiani ilikuwa myembamba, imekatika sifongo ndani, uzito wote unakaa kwenye mshipa mmoja. Amenishonea mikanda mipana ya vidole vinne, akaongeza mkanda wa mgongoni unaoivuta mikanda miwili ipande karibu na shingo. 12,000. Na nimeanza kupiga nimekaa, kodiani imelala juu ya paja la kushoto. Mwanzoni kiongozi wa kikundi hakupenda, alisema taarabu ni kusimama. Nikamwonyesha daftari. Akanyamaza, akaniletea kiti.

Miaka mitatu ya diklofenaki, na dawa yake ilikuwa ngozi na sifongo. Nikilifikiria hilo nasikia uchungu, kwa sababu mwalimu wangu aliyenifundisha kodiani naye alikuwa anameza dawa za maumivu kabla ya kila onyesho, na alifariki kwa tumbo. Hatukuwahi kuuliza ni tumbo gani.

Jumatatu, 11 Machi. Mkesha wa mwezi

Harusi za Shaabani zimekwisha, usiku wa jana tumefunga msimu. Kuanzia kesho, mwezi ukionekana, hakuna taarabu hadi Idi. Kwa mwanamuziki wa hapa hiyo ina maana hakuna kipato mwezi mzima, na kila mwaka mimi huingia Ramadhani na wasiwasi wa kodi ya nyumba. Safari hii niliweka 180,000 pembeni tangu Januari, kutoka kwenye malipo ya 60,000 kwa harusi. Naliandika hapa kwa kuwa limetuliza tumbo langu kuliko asali na vitunguu saumu.

Tumbo: wastani wa alama 4, lilianza na 7. Roho: 4. Kiungulia karibu kimekwisha. Gesi na choo cha kubadilika bado. Kabla ya kupanda jukwaani bado moyo unakwenda mbio na lazima niende chooni mara mbili.

Kwa hiyo zamu ya mawazo imefika, kama daktari alivyosema. Nimekwenda mara ya kwanza kwa mshauri wa afya ya akili, 10,000. Niliogopa jirani ataniona. Mshauri ni mama wa makamo, mpole. Nilipomwambia habari za Pangani hakuniambia nitulie. Aliniuliza, "Kodiani yako inapumua vipi?"

Nikamwelezea. Kodiani ina kitufe cha hewa, kipo chini ya kidole gumba cha kushoto. Ukikibonyeza mivukuto inafunguka na kufunga bila sauti yoyote. Akasema basi dawa ninayo nyumbani.

Zoezi tulilotengeneza pamoja: nakaa, nabonyeza kitufe cha hewa, nafungua mivukuto taratibu kwa hesabu ya nne huku navuta pumzi kwa tumbo, kifua kisipande. Nafunga kwa hesabu ya sita huku natoa pumzi. Kwa mwendo huo ni pumzi sita kwa dakika. Pumzi ndefu ya kutoka inayatuliza mapigo ya moyo kupitia neva ile ile ya vagasi. Dakika tano asubuhi, dakika tano kabla ya jukwaa. Hakuna anayeshangaa, wanadhani nakagua chombo.

Siku ya kwanza nilishindwa. Tumbo langu halikujua kutoka nje wakati wa kuvuta pumzi, limezoea kukazwa miaka yote kuvumilia ule ubao. Ilinichukua siku sita kulifundisha.

Jumanne, 19 Machi. Wiki ya kwanza ya funga

Daktari aliniruhusu kufunga kwa kuwa sina kidonda kinachotoka damu, kwa sharti nikisikia maumivu makali nifungue.

Mchana tumbo lilikuwa tulivu kuliko nilivyotarajia. Tatizo likawa futari. Siku tatu za mwanzo nilifuturu kama tunavyofuturu wote Ngamiani: tende, uji, kisha hapo hapo mihogo ya nazi, kachori, sambusa, tambi za sukari, mbaazi, juisi ya ukwaju glasi mbili. Kwenye Tarawehe nilishindwa kurukuu. Kiungulia kikarudi, choo aina ya 6, usingizi saa mbili.

Nilichobadilisha ni mpangilio, vyakula nikaviacha. Tende tatu na uji mwepesi wa ulezi, naswali Magharibi, nakaa nusu saa. Kisha sahani moja ndogo, kitu kimoja cha kukaangwa na si vinne. Baada ya Tarawehe nakula kidogo tena. Daku ni wali au ndizi na samaki, saa kumi, na silali mara moja. Mama mkwe alidhani nimekasirika na chakula chake. Nikamweleza, "Mama, chakula chako nakitaka chote, nakigawa tu kisinipige kwa pamoja." Akacheka, na tangu siku hiyo ananiwekea vibakuli viwili.

Uji nautia unga wa ubuyu mweupe, ule usiopikwa na sukari na rangi. Una nyuzinyuzi nyingi. Kuna utafiti wa mwaka 2014 uliolinganisha bakteria wa utumbo wa Wahadzabe 27 wa hapa kwetu, kule Ziwa Eyasi, na Waitaliano 16 wa Bologna. Wahadzabe, wanaokula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama ya kuwinda, walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi. Nilifurahi kuona kwamba tunda ambalo watoto wa Tanga wanalimumunya likiwa jekundu kwa sukari ni sehemu ya chakula hicho. Sidhani ubuyu peke yake utanigeuza Mhadzabe. Nautia kwa sababu choo changu kimefika aina ya 4 siku nne mfululizo, jambo ambalo daftari halijawahi kuandika.

Jumatatu, 15 Aprili. Kipimo cha tatu

Idi imepita salama. Wiki saba tangu nimalize antibiotiki, na omeprazole sijaigusa tangu siku hiyo. 35,000 kwa daktari na kipimo. Hayupo. Safari hii naamini.

Daktari ameeleza kilichobaki: utumbo wenye hasira, ambao hauonyeshi kidonda wala uvimbe lakini neva zake zinapokea gesi ya kawaida kama maumivu. Alisema mambo haya yanakuzana, wasiwasi unauamsha utumbo na utumbo unauamsha wasiwasi.

Jumapili, 12 Mei. Wiki tatu za kuondoa

Mpango huu asili yake ni Chuo Kikuu cha Monash, Australia: unaondoa kwa wiki chache vyakula vyenye wanga unaochachuka haraka, kisha unarudisha kimoja kimoja. Orodha zao zimejaa vyakula ambavyo sokoni Mgandini havipo, kwa hiyo nimeikata kwa chakula chetu. Nilichoondoa: vitunguu vya aina zote, mbaazi, maharage, kunde, ngano, maziwa yasiyoganda, tikiti na asali. Nilichobaki nacho kinatosha kabisa: wali, ugali, uji wa ulezi, ndizi, viazi, samaki, mayai, mchicha, karoti, nyanya, machungwa ya Muheza.

Mchuzi bila kitunguu ulinitesa. Wiki ya kwanza nilikula kwa huzuni, na huzuni hiyo ilionekana kwenye alama za roho. Mke wangu ndiye aliyepata njia: anakaanga kitunguu kwenye mafuta hadi kiwe chekundu, anakitoa chote kwa kijiko chenye matundu, kisha ndipo anatia nyanya na tui. Ule wanga unayeyuka kwenye maji, hauyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo harufu inabaki na shida inatoka. Ukichelewa ukatia tui kabla ya kukitoa, umeharibu. Tumeharibu mara mbili.

Tumbo: 2. Mpango huu si wa maisha, usizidishe wiki sita, maana bakteria wazuri nao wanakosa chakula.

Jumamosi, 8 Juni. Kurudisha

Siku tatu kwa kila chakula, siku tatu za kupumzika, kimoja tu kwa wakati. Hapa ndipo kosa la Januari lilipolipwa.

Maziwa yasiyoganda, ya kuchemsha, kikombe kizima: gesi ndani ya saa mbili, kuhara. Maziwa ya mgando: hakuna kitu, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa. Chapati moja sawa, chapati tatu hapana. Kitunguu kibichi kwenye kachumbari, alama 7, nimelala nimejikunja. Nimekiaga.

Mbaazi za nazi nilizihofia kuliko vyote, kwa kuwa sitaki kuishi Tanga bila mbaazi asubuhi. Siku ya kwanza, sahani ya kawaida: 6. Sikukata tamaa. Mara ya pili tuliziloweka usiku kucha, tukamwaga maji, tukachemsha, tukamwaga tena, ndipo zikatiwa tui. Nikala vijiko vinne na andazi moja: 2. Vijiko vinne vinanitosha.

Kahawa nimeirudisha vikombe viwili, vyote kabla ya alasiri.

Jumapili, 23 Juni. Baada ya harusi ya Raskazone

Jana usiku tulipiga saa nne na nusu. Nilikula saa kumi na moja jioni, wali na samaki aina ya changu. Saa nane usiku walipoleta pilau nilichukua yangu kwenye kontena, nimeila leo mchana. Kabla ya kupanda, dakika tano na kitufe cha hewa. Moyo ulikwenda mbio, kisha ukatulia kabla hatujamaliza wimbo wa kwanza. Chooni nilikwenda mara moja.

Katikati ya usiku umeme ulikatika, vipaza sauti vikafa. Zamani hapo ndipo tumbo lingefunga. Nilivuta mivukuto, nikapiga peke yangu gizani, waimbaji wakanifuata bila spika, na akina mama wakashika kiitikio wakipiga makofi hadi jenereta ikawaka.

Fomu ya maswali 9: alama 6. Kwa mshauri nimekwenda mara tatu, 30,000, na nitaendelea mara moja kwa mwezi. Wiki iliyopita nilikuwa na siku mbili mbaya, roho 3, tumbo 5, mtoto alikuwa na homa na sikulala.

Hesabu yote tangu Januari: 305,500, karibu malipo ya harusi tano. Kati ya hizo 138,500 zilipotea kwenye vidonge, asali na vitunguu saumu, sanamaki pamoja na zile chumvi za kuongezea maji, na kipimo cha kwanza. Atakayeanza na daktari anayeuliza dawa unazotumia, matofali mawili na fundi viatu, atatumia pungufu.

Kinachofuata: mpiga besi ameniomba daftari tupu. Naye anameza diklofenaki. Kesho nampeleka kwa fundi wa barabara ya 12 na mkanda wake.